DAMU YA MTOTO MWENYE MALARIA KALI YATUAMBIA NINI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mkoa wetu wa Kagera sidhani kama iko nyumba isiyoijua malaria. Mvua za vuli zikisha kunyesha na senene wakisha kuliwa, wodi za watoto hujaa mwezi wa Desemba na Januari; na baada ya masika hujaa tena, toka Mei mpaka Julai. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa watoto 8 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea vya malaria katika damu. Lakini kwetu Kagera walikuwa karibu 18. Tabora na Mtwara tu ndizo zilizotupita. Wazee wa Muleba wanaukumbuka vizuri mwaka 2006, malaria ilipoingia hata katika vijiji vya milimani, ambako watu hawakuizoea sana na miili yao haikuwa na kinga ya kutosha. Mwaka uliofuata kazi ya kupuliza dawa ya mbu katika kuta za nyumba ilianza huko.

Lakini leo sitaandika juu ya mbu. Mbu ameandikwa sana, na kila mwanafunzi wa shule hii aweza kukariri habari za vyandarua na madimbwi hata akiwa usingizini. Nataka kuandika juu ya mambo yanayotokea ndani ya damu mbu akisha kwenda zake, kwa sababu lipo swali moja ambalo wazazi wengi hujiuliza, na sisi pia tuliulizana darasani mpaka kengele ikalia. Swali lenyewe ni hili. Watoto wawili wa nyumba moja wameumwa na mbu wale wale. Wote wawili wamepimwa na kuonekana na vimelea. Mmoja anakunywa uji na siku ya tatu anacheza uani. Wa pili anashikwa na degedege usiku, anapoteza fahamu, na pengine hafiki asubuhi. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kuwa wa pili alikuwa na vimelea vingi zaidi. Jibu hili lina kweli ndani yake, ila halitoshi. Huko Muheza, mkoa wa Tanga, wataalamu waliwafuata watoto 882 tangu kuzaliwa kwao, wakawapima damu mara kwa mara, na habari zao zikatolewa mwaka 2014. Watoto 102 kati yao walipata malaria kali. Ni kweli kwamba siku ya kuzidiwa vimelea vilikuwa vingi. Lakini karibu theluthi mbili ya watoto hao hao walipata kuwa na vimelea vingi siku nyingine, kabla au baada ya hapo, nao wakaugua kidogo tu. Mtoto ni yule yule, na wingi wa vimelea ni mkubwa, lakini mara moja yu taabani na mara nyingine anaomba chakula. Basi yafaa tuangalie jambo la pili, nalo ni jinsi mwili wenyewe unavyopigana.

Kimelea cha malaria kali ya kwetu huitwa Plasmodium falciparum. Huingia na mate ya mbu jike wa Anopheles, hukaa katika ini karibu juma moja bila mtu kujisikia vibaya, ndipo hutoka na kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Humo huzaana, na kila baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na watoto wa kimelea hutoka kutafuta chembe nyingine. Chembe inapopasuka humwaga pia takataka: rangi nyeusi iliyobaki baada ya kimelea kula damu, na mabaki ya ngozi ya kimelea mwenyewe. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huziona takataka hizi na kupiga yowe.

Hapa naomba msomaji afikiri habari ya kijijini. Usiku wa manane mtu anapiga yowe la mwizi. Majirani wanaamka na mapanga na marungu na tochi. Wakija kumi, mwizi hukamatwa na watu hurudi kulala. Lakini yowe likizidi, vikija vijiji vitatu kwa mara moja, mlango utavunjwa, migomba itaangushwa, maharage yatakanyagwa, na asubuhi mwenye nyumba hatajua kama hasara imeletwa na mwizi au na waliokuja kumsaidia. Hali hii ya mwili kuitika yowe kwa joto, uvimbe, wekundu na maumivu huitwa mchochota. Kidole kilichochomwa na mwiba kikavimba na kuwaka moto kina mchochota mdogo. Katika malaria kali mchochota huwa katika damu yote, kwa hiyo hauonekani kwa macho kama ule wa kidole.

Yowe la chembe nyeupe si sauti, bali ni protini ndogo ndogo ziitwazo saitokini. Maarufu kati yake ni TNF, na nyingine ni interlukini ya 1 na ya 6. Zikifika katika ubongo, homa hupanda. Zikifika katika ini, ini huanza kutengeneza protini nyingine iitwayo CRP. Zikifika katika kuta za mishipa midogo ya damu, kuta hizo huota vishikizo, ambavyo kwa kawaida ni vya kuwashika askari wanaopita ili watoke waende penye vita. Hapo ndipo balaa ilipo, kwa maana chembe nyekundu yenye kimelea nayo ina vinundu vya kunatia juu yake, na vinundu hivi hushikana na vile vishikizo. Mishipa midogo ya ubongo huziba kama mfereji uliojaa majani ya mgomba. Sehemu isiyopata damu haipati oksijeni. Misuli na viungo huanza kutengeneza asidi ya laktiki kwa wingi. Na mtoto huanza kuhema kwa nguvu na kwa kina, si kwa sababu ya mapafu, bali mwili unajaribu kuitoa ile asidi. Mama wengi huona kuhema kule wakadhani ni kifua tu.

Sasa, vitu hivi vyote vyaweza kupimwa katika damu, navyo ndivyo wataalamu huviita viashiria vya mchochota. Kilicho chepesi kueleweka ni kile cha zamani, ESR, ambacho hata katika maabara yetu ya shule twaweza kukiona kikifanya kazi. Damu iliyotiwa dawa ya kuizuia isigande husimamishwa katika mrija mwembamba kwa muda wa saa moja. Chembe nyekundu huzama polepole, na juu hubaki maji ya manjano. Mchochota ukiwapo, protini za damu huzifanya chembe zishikane kama sarafu zilizopangwa, zikawa nzito, zikazama upesi. Basi hupimwa milimita ngapi zimeshuka. Kipimo hiki ni rahisi, lakini kwa mtoto mwenye malaria chaweza kudanganya, maana damu iliyopungukiwa na chembe nyekundu huzama upesi hata pasipo mchochota mkubwa, na watoto hawa aghalabu wamepungukiwa na damu.

CRP ni bora kidogo. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na wataalamu wawili, Tillett na Francis, ambao hawakuwa wakitafuta habari za malaria hata kidogo. Walikuwa wakichunguza homa ya mapafu. Kwa mtoto mzima wa afya CRP huwa chini ya miligramu 10 kwa lita moja ya maji ya damu, mara nyingi chini ya 5. Katika malaria kali mara nyingi hupita 100. Huanza kupanda saa chache tu baada ya yowe, na yowe likinyamaza hupungua nusu kila saa 19 hivi. Hii ni sifa kubwa. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu na mistari miwili, chaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa sababu kinatambua protini ya kimelea ambayo hukawia katika damu hata kimelea kikisha kufa. Tuseme kipimo kile hueleza kuwa mwizi alipita. CRP hueleza kama watu wangali nje na mapanga.

Lakini CRP haielezi yowe lilipigwa kwa ajili gani. Mtu aliye ng'ambo ya bonde asikiapo kelele aweza kusema ni kubwa au ndogo. Hawezi kusema kama ni mwizi, ni moto, au ni chui. Homa ya mapafu hupandisha CRP, jipu hupandisha, malaria hupandisha. Ndiyo maana hakuna daktari anayeweza kutoa dawa ya malaria kwa kutazama CRP peke yake.

Huko Dar es Salaam, mwaka 1994 na 1995, watoto 191, wenye malaria na wasio nayo, walichunguzwa damu na mikojo yao. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa Profesa Esther Mwaikambo, daktari wa watoto ajulikanaye sana katika nchi yetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. TNF iliongezeka kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, kama ilivyotazamiwa. Iliongezeka pia interlukini ya 10, na hili linashangaza, kwa maana interlukini ya 10 ni kama mzee wa kijiji atokaye na fimbo yake na kusema, 'Basi, nyamazeni, rudini makwenu.' Lakini hewa iitwayo nitriki oksaidi, ambayo mwili huitengeneza na ambayo hulegeza mishipa ya damu ili njia ibaki wazi, ilikuwa nyingi kwa watoto waliokuwa na vimelea bila kuugua, na ilikuwa chache kabisa kwa wale waliokufa kwa malaria ya ubongo. Wataalamu wale walidhani ya kuwa mzee aliyekuja kutuliza kelele huenda aliwanyamazisha hata wale waliokuwa wakilinda njia. Mwaka 2003 ikatolewa habari nyingine, pia ya watoto wa Dar es Salaam, ya kuwa wenye malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa ajinini, kitu ambacho mwili hukitumia kutengenezea hewa hiyo.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja, ambaye hupenda kumaliza mambo upesi, alisema: 'Ikiwa ubaya ni mchochota, basi na tuuzime mchochota.' Si yeye wa kwanza kufikiri hivyo. Huko Thailand, mwaka 1982, zilitolewa habari za wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo. Wengine walipewa deksamethasoni, dawa yenye nguvu ya kutuliza mchochota, na wengine hawakupewa. Waliopewa hawakuokoka zaidi. Tena walikaa bila fahamu muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Huko Gambia watoto 610 walijaribiwa kwa dawa ya kuifunga TNF yenyewe, na majibu yakaja mwaka 1996: vifo vilikuwa karibu 20 katika kila 100 pande zote mbili, na miongoni mwa waliopona, waliopewa dawa walibaki na kasoro za ubongo na viungo mara nyingi zaidi. Huwezi kuwaziba midomo majirani wote wakati mwizi yumo ndani.

Kilichosaidia ni kumtoa mwizi upesi. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2010, watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, walitibiwa malaria kali ama kwa sindano ya kwinini ama kwa sindano ya artesuneti. Waliokufa walikuwa karibu 11 katika kila 100 kwa kwinini, na kama 8 na nusu kwa artesuneti. Artesuneti huua vimelea vingali vichanga, kabla havijakomaa na kunata katika mishipa na kupasuka. Kwa hiyo takataka hupungua, na yowe hupungua lenyewe. Nadhani hesabu hii ndogo, 11 na 8 na nusu, ni habari kubwa kuliko majina yote magumu niliyoyaandika hapo juu. Katika kila watoto elfu moja ni kama watoto 24 waliorudi nyumbani.

Niseme neno juu ya kutolewa damu, maana wazazi husoma gazeti hili. Likizo ya Juni nilimsindikiza shangazi hospitalini, wilaya ya Muleba, na mtoto wake mwenye homa. Karibu nasi alikuwapo bibi mmoja mwenye mjukuu kitandani. Bwana wa maabara alipokuja na sindano, bibi akamzuia mkono.

'Jana mlichukua, leo tena mwataka. Damu ya mtoto huyu mwaipeleka wapi, mwanangu?'

Yule bwana hakukasirika. Aliweka sinia chini, akamwamkia shikamoo, kisha akamwonyesha kichupa. 'Bibi, mjukuu wako ana kilo 10. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800. Mimi nachukua 2, haifiki hata nusu ya kijiko cha chai. Jana tulitazama wadudu ni wangapi. Leo twataka kujua kama wamepungua, na kama damu na sukari yake vyatosha. Nisipopima, daktari atatibu kwa kubahatisha.'

Bibi akauachilia mkono wake. Nami nikaandika hesabu ile nyuma ya daftari langu: 80 kwa kila kilo moja.

Hospitali nyingi hazipimi saitokini. Hiyo ni kazi ya maabara za utafiti. Hupima vimelea, wingi wa damu, na sukari, ambayo kwa mtoto mwenye malaria kali yaweza kushuka ghafula na kumfanya aonekane kama amelala. Tena zipo dalili zisizohitaji mashine yo yote, na kila mzazi aweza kuzitazama: mtoto asiyeweza kukaa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, asiyeamka vizuri, anayehema kwa kina, mwenye viganja vyeupe au mkojo mweusi kama kahawa. Mtoto wa namna hii huenda hospitali saa ile ile. Wako watu katika vijiji vyetu ambao wakiona degedege huanzia kwanza kwa mganga wa kienyeji, wakidhani ni mambo ya mashetani. Vile vimelea vinavyopasuka kila saa 48 havingoji.

Tena isisahauliwe ya kuwa si kila homa ni malaria. Katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania wagonjwa 4,474 walilazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, kama ilivyochapishwa mwaka 2004, chini ya nusu tu ndio waliokuwa na vimelea. Wengine walikuwa na maradhi mengine, nayo hayakutibiwa ipasavyo. Sisi wa Bukoba twalijua jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa mwezi wa Machi 2023 homa ya Marburg ilitokea katika wilaya yetu ya Bukoba Vijijini, na mwanzo wake ni homa na maumivu kama ya malaria. Watu sita walikufa kabla ugonjwa haujatangazwa kwisha, tarehe 2 Juni mwaka ule.

Katika jambo hili CRP ina faida yake. Huko Dar es Salaam watoto 3,192 wenye homa isiyo kali walitibiwa kwa kufuata mwongozo wa namna mbili. Katika mwongozo mmoja mganga alikuwa na vipimo vichache vya papo hapo, CRP ikiwa kimojawapo. Habari zake zilitolewa mwaka 2017. Waliopewa dawa za kuua bakteria walikuwa kama 12 katika kila 100 badala ya 30, na hata hivyo walioshindwa kupona walikuwa wachache zaidi. Yaani walipewa dawa chache, wakapona zaidi.

Ng'ambo ya ziwa, katika hospitali ya Jinja huko Uganda, watoto 2,502 wenye homa walipimwa kitu kingine kiitwacho sTREM-1, ambacho chembe nyeupe hukimwaga zikisha kupandwa na hasira. Habari zilitolewa mwaka 2021. Wenye kiwango cha juu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika siku chache zilizofuata, ikiwa ugonjwa wao ni malaria au ni mwingine. Kusudi la wataalamu wale ni kupata kipimo kidogo cha tone la damu, kama kile cha malaria, ambacho zahanati yo yote yaweza kukitumia. Sasa fikiri habari ya zahanati iliyo katika kisiwa kama Goziba au Ikuza, wilaya ya Muleba. Jua limekuchwa, ziwa lina mawimbi, mtumbwi wa injini ni mmoja, na watoto wenye homa ni wanne. Mistari miwili ya kipimo cha haraka itaonyesha kuwa wote wanne wana malaria. Muuguzi anachotaka kujua ni yupi atakayevuka usiku huu, na yupi aweza kungoja asubuhi.